Mkate wa Mjomba Qudrat

Kila asubuhi Mjomba Qudrat alikuwa wa kwanza kuamka. Alifagia ua, akamwagilia mizabibu, kisha akagonga dirisha la Hulkar mara tatu.

"Amka, mvivu we! Hata kuku wamekushinda!"

Hulkar, msichana wa miaka kumi na miwili, alimrushia mto. Mjomba alikuwa na miaka thelathini na sita. Mambo mengi aliyaelewa polepole, lakini alikumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa mtaa wao katika mji wa Margilan.

Wiki ile kitu kilibadilika. Mama alinyamaza kila Hulkar alipoingia jikoni. Alasiri alishika sindano na uzi mwekundu, akashona jina la mdogo wake, Mjomba Qudrat, kwenye mashati, suruali, hata soksi.

"Mama, mjomba anajua jina lake. Soksi za nini?"

"Anakwenda kupumzika milimani siku kumi. Huko nguo huchanganyika."

"Baridi imekwisha, na unamfungia koti la baridi kwa siku kumi?"

"Kula, Hulkar."

Ndani ya mfuko wa koti lile Hulkar alikuta barua. Ilitoka kwenye makao makubwa ya watu wazima wenye kuhitaji msaada, mwendo wa saa nne kwa gari. Palikuwa na picha ya ukuta mrefu wa kijivu usio na dirisha. Neno moja lilipigiwa mstari: *kudumu*.

Mama alipomwona nayo, aliketi kitini. "Ameacha gesi wazi mara mbili. Bibi yako hayupo tena, nami nashinda kiwandani. Siku moja nitarudi nikute majivu."

"Jirani yetu Mama Mastura alisema ana chumba kwenye ile nyumba yake ya watu wenye kuhitaji msaada."

"Mtaa wa pili hapo? Kila mtu amwone, waseme nimemfukuza mdogo wangu? Kule mbali hakuna atakayeuliza." Alimshika mkono kwa nguvu. "Usimwambie. Akijua atalia."

Siku mbili Hulkar alibeba siri ile kama kaa la moto. Mjomba alizunguka ua akiimba, "Milimani, milimani!" Kila alipomuuliza kama huko kuna kondoo, Hulkar aliinamia viatu vyake.

Asubuhi ya safari gari lilisimama langoni. Mama alimpa mjomba mkate mzima wa tanuri, naye akaung'ata upande mmoja, kama afanyavyo kila msafiri. Ukutani, kwenye msumari, ulining'inia mkate wa baba yake Hulkar, aliyekwenda kufanya kazi Urusi. Ulikuwa umekauka kama kigae, lakini alama ya meno yake ilionekana. Ungemngoja mpaka arudi kuumaliza.

"Wangu utauweka kando ya wa shemeji?" mjomba aliuliza.

"Ndiyo," mama alijibu.

Mjomba alipotoka na mfuko wake, mama aliutazama msumari kwa muda mrefu. Kisha akautia mkate ule kwenye gunia la makombo ya ng'ombe wa jirani.

Hulkar aliuchomoa mkate, akatoka mbio.

"Mjomba, usipande! Wamekudanganya! Hakuna milima, hakuna siku kumi. Hurudi! Mkate wako umetiwa kwenye gunia la ng'ombe!"

Vichwa vya majirani vikachomoza juu ya kuta. Mjomba Qudrat aliutazama mkate, akamtazama dada yake. Hakulia. Aliketi chini, akavua viatu kimoja kimoja.

"Siendi," alisema.

"Umenivua nguo mbele ya watu!" mama alimfokea Hulkar.

Mama Mastura alijipenyeza katikati ya majirani, mikono imejaa unga. Alichuchumaa mbele ya mjomba, si mbele ya mama. "Qudrat, nyumbani kwangu wanaishi watu wazima wanne. Kila mmoja ana chumba na ufunguo wake. Tunapika pamoja, na usiku msaidizi hulala pale pale. Unataka kuja kuona?"

"Ufunguo wangu mwenyewe?"

"Wako mwenyewe."

Mjomba alifikiri. Dereva alizima gari. "Nitaona kwanza," alisema.

Alikaa wiki moja kwa majaribio. Alilalamika kwamba supu haina chumvi, kisha akakataa kumrudishia mtu ule ufunguo. Sasa anaishi huko, na kila Ijumaa huja nyumbani, humaliza mkate wake ulioning'inizwa msumarini, hung'ata mwingine, na kuondoka.

Ijumaa ya kwanza Mama Mastura alimsindikiza. Akinywa chai, alimwambia mama, "Kuomba msaada si aibu, dada. Kuchoka si aibu. Lakini mtu mzima hahamishwi kama gunia. Unamwambia ukweli, unampeleka aone, halafu unangoja jibu lake."

Mama alifuta macho. "Nimekosa. Nimeshamwambia Qudrat." Kisha akamgeukia binti yake. "Lakini na wewe ulinipigia kelele mtaa mzima ukisikia. Bado hujaniomba radhi."

Hulkar alimwekea chai, akamsogezea sukari.

"Siombi, mama," alisema.