Mlango wa Nyuma wa Bweni

Siku Specioza alipokutana na Ngosha, stendi ya Buzuruga ilikuwa imefurika watu. Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi la Bukoba, gauni lake la kitenge cha njano limejikunja kwa safari, mkungu wa ndizi mikononi, alipopigana kikumbo na kijana mrefu aliyekumbatia mitungi miwili myekundu ya kuzimia moto.

"Pole, dada."

"Mitungi yote hiyo! Kwako kunaungua kila siku?"

"Napeleka chuoni. Nimeajiriwa juzi tu, afisa usalama."

Alipokitaja chuo, Specioza akacheka. Ndipo alipokuwa akisomea ualimu, mwaka wa tatu. Wakachangia bajaji, mkungu wa ndizi umekaa katikati yao kama mshenga.

Penzi likaota. Jumamosi walikuwa wakienda Pasiansi kula sato wa kuchoma, upepo wa ziwa ukiwapepea.

"Msukuma wewe, unakitafuna kichwa cha samaki utadhani mna ugomvi."

"Na wewe Mhaya, bila Kiingereza samaki hashuki?"

Ni hapo Specioza alipomnong'oneza kwamba bwenini wasichana wanapika kwa majiko ya umeme, wanayaficha uvunguni. "Usimwambie mtu, mpenzi."

Ngosha akaacha kula. "Sitasema, Spe. Ila mlango wenu wa nyuma una kufuli usiku na mchana. Moto ukizuka mtatokea wapi?"

Haukupita muda, uongozi wa chuo ukapekua vyumba na kubeba majiko yote. Wenzake wakamnunia Specioza. Nani asiyejua mchumba wake ni nani? Akampigia Ngosha simu.

"Nilikuamini, ukaniuza!"

"Spe, naapa sikusema..."

Akakata. Simu ilipoita tena, akaifungia namba.

Ngosha akaendelea na kazi, amekonda. Kufuli la mlango wa nyuma likaondolewa, ukawekwa mlango wa kusukuma kutokea ndani. King'ora cha moto kikawekwa. Bweni zima likafanyishwa zoezi la kutoka hadi uwanja wa netiboli. Specioza alilifanya zoezi hilo huku akitazama pembeni asikutane naye macho, lakini alilifanya.

Alasiri moja ya mvua, king'ora kikalia kweli. Specioza alikuwa chumbani na Annet, rafiki yake mwenye pumu. Walipofungua mlango, moshi mweusi ulikuwa umeshajaa ngazi ya mbele, na wasichana walikuwa wakikimbilia huko huko kwa mazoea.

"Nyuma! Jamani, nyuma!" Specioza akapaza sauti. Akamfunika Annet khanga mbichi puani, akamkokota. Akausukuma mlango kwa bega. Ukafunguka. Wenzao wakamiminika nyuma yao.

Uwanjani, Ngosha alikuwa na kipaza sauti, kizibao chake cha kung'aa kimeloa, akiita chumba kimoja baada ya kingine. Alipofika chumba chao, akakiita mara mbili.

"Tupo!" Specioza akaitikia. "Wote wawili!"

Ngosha akashusha kipaza sauti, akajifunika uso.

Zimamoto waliuzima moto. Chumba kimoja kiliteketea, hakuna aliyeumia. Metroni, Mama Paskazia, akawasogelea wasichana. "Nyaya za ukutani hizo. Zilikuwa zikinuka, ndiyo maana nikaomba vyumba vipekuliwe, nikidhani tatizo ni majiko tu. Huyu kijana yeye alikuwa akipigania mlango wa nyuma tu."

Specioza akamfuata Ngosha.

"Nisamehe. Sikukupa hata nafasi ya kujieleza."

"Umetoka mzima, Spe. Nikuombe nini tena?"

"Wabeja," akamshukuru, kwa Kisukuma cha kubabaisha. "Wabeja sana. Kwa mlango ule. Kwa Annet. Kwa kutonichoka."

Simu yake ikaita. Mama yake, kutoka Muleba, habari zilikuwa zimemfikia.

"Mama, niko salama. Kuna mtu hapa, msalimie." Akampa Ngosha simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe wa usalama? Asante, baba. Umenirudishia mtoto."

Ngosha akamtazama Specioza. Specioza akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka.

"Mama, naomba nije Muleba na wazee wangu. Nikushukuru kwa kumzaa, kisha nikuombe huyo huyo uliyemzaa."

Vigelegele vikalipuka kwenye simu, hata wasichana waliokuwa bado wanalia wakaanza kucheka.