Suti Iliyofungiwa Sandukuni

Mvua ya Mbinga ikianza mwezi wa kumi na moja, haina haraka ya kuondoka. Mpaka mwezi wa tano bado iko. Asubuhi ukungu unafunika mashamba ya ngolo, yale ya mashimo ya kushika maji mlimani, na mibuni, na mtu anayetoka kisimani humwoni mpaka akusalimu.

Mansuetus alizaliwa katika ukungu huo. Alikuwa mkulima wa kahawa, na kijijini kwao hakuna aliyekausha kahawa vizuri kama yeye. Aliitandaza kwenye kichanja, akaigeuza kutwa, akaifunika mvua ilipokuja. Kisha aliing'ata punje moja, na jino lake likamwambia kama imekauka.

Lakini mtu huyu hodari alikuwa na kidonda moyoni. Siku alipofunga ndoa na Walburga, alivaa koti la kuazima. Wageni walikuwa ndiyo kwanza wananawa mikono wale wali, mwenye koti akaja kulidai. Alisema ana safari. Bwana harusi akalivua mbele ya watu wote, akala karamu yake na shati lililochanika mgongoni. Watu walicheka kidogo, wakasahau. Mansuetus hakusahau. Aliapa kwamba siku atakapomwoza binti yake, atasimama kanisani na suti yake mwenyewe.

Siku hiyo sasa ilikuwa inakaribia. Mwaka ule wa 1993, binti yake Gaudiosa aliposwa na Hamphrey, mwalimu kutoka Liuli kando ya Ziwa Nyasa. Harusi ilipangwa iwe baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata. Na suti zilikuwepo. Miaka ya nyuma maduka yalikuwa matupu, na suti ilikuwa nguo ya wakubwa. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na marobota ya mitumba yalifika mpaka gulioni Mbinga.

Mansuetus alikwenda gulioni mwezi wa tisa, jua likiwaka. Akaona suti nyeusi ya sufu, nzito kama blanketi, yenye vifungo vinavyong'aa. Vifungo ndivyo vilivyomteka. Hakuigeuza ndani. Hakunusa kola wala makwapa. Aliibeba hadi nyumbani akitembea katikati ya njia, ili kila mtu amwone.

Aliivaa Krismasi, na mvua ikamkuta njiani. Alipofika nyumbani aliikunja hivyohivyo, ingali na unyevu. Akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa kamba mara tatu. Akaiweka ndani ya sanduku la bati, akalifunga kwa ufunguo, na kulisukuma chini ya kitanda mpaka likagusa ukuta wa tope. Ufunguo aliuvaa shingoni. Maskini, alidhani anaitunza.

Mwezi wa kwanza mdogo wake, Methodi, alikuja kumwona. Methodi na mkewe walikuwa wameishi pamoja miaka mingi bila ndoa ya kanisani, na padri alikuwa amekubali kuibariki mwezi wa sita. Aliomba kuazima suti. Mansuetus alimjibu kwamba ufunguo wa sanduku umepotea. Methodi aliitazama kamba iliyotokeza kwenye kola ya kaka yake, akainamisha macho, akaaga.

Zikiwa zimebaki wiki tatu kufika harusi, Mansuetus alifungua sanduku.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Kisha akaiona suti. Ukungu wa milimani ulikuwa umehamia kwenye koti lake: mabaka meupe yalitapakaa mabegani, kwenye mikono, mpaka ndani ya mifuko. Suruali ilikuwa vilevile. Walburga akamwambia wakaulize kwanza kwa mtu anayejua. Mwanamume hakusikia. Alichemsha maji, akatia sabuni, akaitumbukiza suruali na kuifikicha kwa nguvu zote. Ilipokauka, ilikuwa imejikunja na kukakamaa, na ilimfikia chini kidogo ya magoti.

Aliketi juu ya sanduku, machozi yakimlengalenga.

"Mama Gaudiosa," alisema, "nitaazima tena."

Walburga naye alilikumbuka lile shati lililochanika. Alikuwa ameketi ubavuni pake siku ile, na aibu waliila wote wawili. Alilikunja koti ndani ya kanga yake ya zamani, akamwambia mumewe avae viatu.

Walikwenda kwa Winifrida, fundi cherehani wa jirani. Huyu mama alifundishwa kushona na masista, na kwa miaka mingi ndiye aliyetengeneza suti za maofisa wa Mbinga. Alikuwa na maneno makali na mikono myepesi. Alilipokea koti, akatoka nalo uwanjani, akajifunga kitambaa puani, ndipo akalifungua.

"Ulilitunzaje?" aliuliza.

Mansuetus akaeleza yote: mvua, mfuko, kamba mara tatu, ufunguo. Alieleza kwa fahari kidogo, maana juhudi alikuwa nayo kweli.

Winifrida akamtazama.

"Baba Gaudiosa, kahawa yako ikitoka kuoshwa, ina maji bado, unaweza kuitia kwenye mfuko wa nailoni ukaufunga?"

"Nitakuwa mwendawazimu," Mansuetus akajibu upesi. "Itavunda yote. Kahawa lazima ipate hewa."

"Basi na sufu hivyohivyo."

Kumbe jambo lenyewe Mansuetus alilijua tangu utoto. Alilijua shambani, akalisahau chumbani.

Winifrida hakumcheka. Alichukua brashi laini akayasugua yale mabaka, akifuata upepo ili vumbi la ukungu lisimrudie. Akachanganya siki kidogo na maji mengi, akajaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, kuona kama rangi haitatoka. Haikutoka. Akafuta koti lote kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Kisha akalitundika barazani, kivulini, mahali penye upepo.

"Usilianike juani, rangi itapauka," alisema. "Wala usilitundike juu ya moto jikoni. Litanuka moshi mpaka padri akohoe. Na sufu haipendi maji ya moto. Suruali yako imekwisha kukufundisha hilo."

"Nitajuaje kama limekauka?" Mansuetus aliuliza. "Kahawa naing'ata."

"Koti usiling'ate." Walburga alicheka, na Mansuetus mwenyewe akashindwa kujizuia. Winifrida akaigeuza bitana, kile kitambaa chepesi cha ndani, akaiweka shavuni chini ya kwapa la koti. "Weka shavu hapa. Mkono unadanganyika, shavu halidanganyiki. Ukisikia ubaridi, bado lina maji."

Jumamosi walikwenda gulioni wote watatu kutafuta suruali nyingine. Safari hii Mansuetus alitazama namna fundi anavyochagua. Winifrida alianza kwa kutoka na nguo nje kwenye mwanga. Aliiinua kuelekea jua, na matundu ya nondo yakaonekana kama nyota. Akairudisha. Akachukua nyingine, akaifumbata kwa nguvu, akaiachia. Ilibaki na makunyanzi. Akairudisha nayo. Ya tatu ilinyooka yenyewe. Ilikuwa ya kijivu, sufu nyepesi iliyochanganywa na tetroni, uzi wa kiwandani.

"Hii ndiyo ya kwetu," alisema. "Ikilowa inakauka mapema, na tope halionekani sana. Ile nzito kama blanketi ni ya nchi za theluji."

Mansuetus alisitasita. Koti jeusi na suruali ya kijivu, aliona kama ndugu wa mama tofauti. Winifrida akamweleza kwamba watu wenye heshima zao huvaa hivyo. Akaongeza kwamba koti lile mabega yalimkaa kwa bahati tu. Kiuno cha suruali kinapunguzwa, mikono ya koti inafupishwa, lakini mabega yakikosea, fundi naye ana kazi ngumu. Siku nyingine aanze kupima hapo.

Wiki mbili zilizofuata, Mansuetus alilitunza koti kama anavyotunza kahawa. Alichonga henga ya mti wa mbuni, yenye mabega mapana, ili koti lisivunjike shingoni. Walburga alilifunika kwa kanga yake ya zamani, kwa kuwa pamba hupitisha hewa. Sanduku lililowekewa nguo nyingine waliliinua juu ya matofali, mbali na ukuta. Wakatia dawa ya nondo ndani ya kitambaa kilichoshonwa, watoto wasije wakadhani ni pipi. Kila jua lilipochungulia, walifungua sanduku na dirisha. Siku mbili kabla ya harusi Mansuetus alitandaza kitambaa chenye unyevunyevu juu ya koti, akapiga pasi ya mkaa polepole, baada ya kuyafuta majivu.

Siku ya harusi mvua ilinyesha, kama ilivyotazamiwa. Mansuetus akauchukua ule mfuko wa nailoni, akaupasua, akajitanda mabegani juu ya koti. Winifrida alikuwa amemwambia kwamba nailoni kazi yake ni barabarani. Mlangoni mwa kanisa aliivua, akaikung'uta, akampa binti yake mkono. Gaudiosa akamtazama kuanzia begani mpaka miguuni.

"Umependeza, baba," alisema taratibu, na Mansuetus akanyoosha mabega, wakaingia.

Karamuni wageni wa Liuli walileta mbasa wakavu, samaki wa ziwani kwao, na wali ulikuwa wa kutosha. Mansuetus alinawa mikono. Akatazama mlangoni mara moja, mazoea tu. Hakuna mtu aliyekuja kudai kitu. Alikula mpaka punje ya mwisho, koti lake mwilini, na Walburga ubavuni pake akampakulia tena bila kuulizwa. Wageni walipoondoka, kabla hajaketi kupumzika, alilitundika koti barazani na kuliwekea shavu.

Mwezi wa sita ulipofika, Mansuetus alipanda kilima kwenda kwa Methodi. Mkononi alibeba suti kwenye henga yake, imefunikwa kanga. Methodi alimsalimia, akaitazama suti, akaitazama shingo ya kaka yake.

"Kaka, ule ufunguo ulipatikana?"

Mansuetus aligusa mahali kamba ilipokuwa zamani.

"Ulikuwa hapa," alisema. "Nilikudanganya, mdogo wangu. Nisamehe."

Methodi aliipokea suti kwa mikono miwili. Akaahidi kwamba wakitoka tu kanisani atamtuma mtu airudishe upesi.

"Hapana," Mansuetus akasema. "Ule nayo mwilini kwanza. Ule ushibe, ucheze na mkeo. Kesho yake uitundike kivulini, uiwekee shavu. Ikikauka, ndipo uniletee."