Majibu Yaliyosomwa Nusu

Kila alipotoka shule, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia karakana ya babu yake, fundi wa makochi, akamsaidia kukata sponji. Miezi ile babu alishona akiwa amesimama.

"Nawatengenezea watu viti, mwenyewe kukaa siwezi," alitania, lakini uso wake ulikunjamana.

Siku moja alimpa mjukuu wake karatasi ya hospitali. "Nisomee. Maandishi haya yananishinda."

Msichana alisoma: uvimbe kwenye korodani ya kulia, homoni na protini za damu zinazoweza kuonyesha saratani ziko kawaida. Chini, daktari alikuwa ameandika kwa mkono: Arudi haraka kwa vipimo zaidi.

"Kawaida," babu alirudia, akashusha pumzi. "Basi yameisha. Hayo ya chini yaache. Na mama yako asijue, ni mambo ya aibu haya."

"Sawa, Babu."

Wiki mbili msichana aliitunza siri hiyo, huku babu akikonda na kuutoboa mkanda wake matundu mapya. Mwishowe, akiosha vyombo na mama yake, alishindwa kuvumilia, akaeleza yote. Mama alifuta mikono, akaenda moja kwa moja karakanani.

Njia nzima ya hospitali babu hakumsemesha mjukuu wake.

"Mzee," daktari alisema, "ziko saratani za korodani zinazopandisha homoni hizi. Nyingine, hasa kwa watu wa umri wako, hazipandishi. Majibu ya damu peke yake hayakutosha, ndiyo maana nilikuita."

Babu alipasuliwa, korodani ikaondolewa na kupimwa maabara. Ilikuwa limfoma, saratani ya seli za kinga ya mwili. Mama alilia koridoni, ameegemea ukuta.

Zikafuata dawa za dripu. Nywele zilimtoka babu, karakana ikafungwa. Baada ya miezi mingi saratani haikuonekana tena, ingawa daktari alisema atamfuatilia kwa miaka.

Siku alipopewa habari hiyo, babu alimwita mjukuu wake kando ya kitanda chake.

"Nilikununia kwa sababu ulisema kweli," alisema polepole. "Nilisikia neno moja nililolipenda, nikaziba masikio. Ugonjwa si aibu, mjukuu wangu. Mwili ukivimba popote, sema mapema, na ukiambiwa urudi, rudi. Na mtu mzima akikuomba umfichie maradhi, mkatalie. Hata nikiwa mimi."

Msichana aliushika mkono wake. Ulikuwa mwepesi mno.

"Nitakukatalia, Babu," alisema.