Gari la Kamali Lisilopona

Siku Nasiba alipokutana na Kamali, furushi lake la vitenge lilikuwa chini miguuni, ramani ya Tanzania ilikuwa mkononi, na foleni ya mpaka wa Rusizi ya Kwanza ilikuwa imegoma kusogea. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwanzoni mwa mwaka 2013. Wanawake wa Bukavu na wa Kamembe walikuwa wamejazana pale na ndoo zao za samaki na mabunda ya sabuni, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyefika kwanza. Nasiba alivaa gauni la kitenge cha kijani alilolishona mwenyewe, mikono mirefu, kiuno kimeshikwa vizuri, na mtandio wa rangi ya maziwa. Alikuwa fundi cherehani, na nguo zake alizivaa ili watu waulize zimeshonwa wapi.

Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, kucha zina weusi wa grisi, kwapani ana kipuri cha gari kilichofungwa kwa gazeti. Akachungulia ramani bila hata salamu.

"Dada, unatafuta nini mu hiyo karatasi? Congo iko nyuma, Rwanda iko mbele. Huwezi kupotea."

"Natafuta Ujiji."

"Na foleni hii, utafika mwaka kesho."

Nasiba hakutaka kucheka, akacheka. Sasa, Nasiba hakuwa mtu wa kumwagia kila mpita njia habari zake, lakini siku ile mdomo ulifunguka wenyewe. Alimweleza kwamba babu wa bibi yake alitoka Ujiji na biashara ya chumvi na nguo, akaoa huku ziwani, asirudi tena. Bibi alikuwa akiwatajia wajukuu njia yote kwa kichwa: Kasulu, Ujiji, Uvinza, Tabora, mpaka Bagamoyo baharini. Bibi alikufa bila kuiona hata hatua moja. Tangu hapo Nasiba alikuwa na daftari, ameandika kila mji na kila kijiji cha njiani, wapi pana msikiti wa zamani, wapi wanachemsha chumvi, wapi mtu anaweza kulala kwa heshima.

"Na nani atakupeleka?"

"Bado sijampata."

"Umeshampata. Naitwa Kamali, ni dereva, na hiki kipuri ni cha gari yangu. Barabara za Tanzania nazijua zote mpaka Dar. Uliza Cyangugu nzima."

"Cyangugu nzima inasema mengi."

"Basi nipe namba ya simu, nikuambie yaliyobaki."

Foleni haikuwa imesogea hatua kumi, namba akawa nayo.

Kuanzia wiki ile simu ya Nasiba haikupumzika. Kila jioni, cherehani ikishafunikwa, Kamali alipiga, na safari ikapangwa kwa simu kijiji kwa kijiji.

"Mpenzi, Uvinza tutalala siku ngapi?"

"Moja. Chumvi utaionja mara moja tu, inatosha."

"Na Tabora?"

"Tatu. Nataka tutoke mpaka Kwihara, tuone zile nyumba za udongo za zamani."

"Na mimi nikichoka kuendesha?"

"Nitakuimbia."

"Basi sitachoka. Nitaogopa kuchoka."

Mapenzi yakakolea hivyo, wakicheka juu ya miji ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyeiona. Mzee Sibomana, baba yake Nasiba, mshonaji wa kanzu anayejulikana Kamembe yote, aliyasikia haya kupitia pazia la atelie, chumba chao cha kushonea, kwa wiki kadhaa. Kisha akamwita Kamali na kuongea naye kama wanaume wanavyoongea, mlango umefungwa.

"Gari haitoki hapa na binti yangu mpaka nikahi ipite," alisema. "Nikahi Ijumaa, safari Jumamosi. Gari ikiwa tayari, niambie, nitamwona imamu."

Kamali akakubali palepale. Ikawekwa Ijumaa ya kwanza ya Juni, mvua ikiwa imekwisha. Nasiba akajishonea gauni la hariri nyeupe, akalitundika nyuma ya mlango.

Ijumaa ile haikufika. Radiyateri ya gari ilivuja, Kamali alisema, ikabidi kungoja wiki mbili. Baada ya wiki mbili breki zikaanza kulia. Breki zikapona, kukazuka kitu kingine chini ya gari ambacho Kamali mwenyewe alishindwa kukieleza vizuri. Mara tatu Mzee Sibomana alikwenda kwa imamu kutaja siku, na mara tatu alirudi kwake kuifuta, na mara ya tatu alipita njia ya nyuma ili asikutane na watu.

Wateja nao hawakosi la kusema. Maman Nzigire, mfanyabiashara wa Bukavu aliyekuwa akishonesha kwa Nasiba kila mwezi, hakuwa na breki mdomoni.

"Nasiba mwanangu, ile harusi inakufa ama inaishi? Mimi nilishaambia batu ya kwetu Kadutu kama nitakuya kula pilau. Sasa banaanza kuniita muongo."

"Gari iko mgonjwa, Maman."

"Gari? Mi naona batu banaolewa kila siku bila gari."

Neno lile lilimkaa Nasiba moyoni kuliko alivyoonyesha. Kesho yake alivaa viatu vya chini, akapanda mpaka garaje ya Mururu bila kumwambia mtu. Alilikuta gari uwanjani, Toyota ya kijivu, limeoshwa, linang'aa. Fundi Mbarushimana alikuwa amekaa juu ya tairi, anakunywa chai.

"Fundi, hii gari inaumwa nini?"

Mbarushimana alimtazama, akalitazama gari.

"Hii? Hii haijaumwa tangu Machi. Kamali anakuja kila siku, anaiwasha, anasikiliza, anaizima, anaenda."

Nasiba akakaa kwenye tairi jingine. Akatoa simu.

"Kamali, radiyateri inaendeleaje?"

"Aah, sheri, mpenzi wangu, bado inavuja kidogo. Fundi amesema tungoje."

"Fundi niko naye hapa. Anakunywa chai."

Nasiba hakungoja jibu.

"Kama hunitaki, ulikuwa na mdomo wa kuniambia. Gari haina mdomo, umeisingizia bure."

"Nasiba, si hivyo."

"Ni vipi basi?"

Alingoja. Mbarushimana aliacha kunywa chai, naye akangoja.

"Usinipigie tena," Nasiba akasema, na akakata.

Wiki tatu alishona sare za shule bila kuinua kichwa. Usidhani alikuwa amemsahau. Alimpenda bado, na kumpenda huko kulimuuma, kwa maana alikuwa amejikagua kuanzia kichwani mpaka miguuni akitafuta ni kasoro gani iliyomfukuza mwanamume. Jioni simu ilikaa kimya mezani. Mwisho akamwambia baba yake kwamba Ujiji atakwenda kwa basi, na shangazi yake atamsindikiza. Mzee Sibomana alikubali bila maneno mengi. Habari hiyo Maman Nzigire aliibeba mpaka mpakani, na mpakani akamkuta Kamali.

Kesho yake asubuhi Kamali alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, kati ya mama mwenye kitambaa cha ubatizo na mzee aliyekuja kukata suruali. Shati halikupigwa pasi. Nasiba alimwona, akaendelea kukanyaga cherehani mpaka wateja wote wawili wakaondoka.

"Unataka kushona nini?"

"Nataka kusema. Unisikilize, halafu unifukuze."

Nasiba akasimamisha mguu.

"Nilikuambia naijua Tanzania mpaka Dar. Nilidanganya. Naijua kilomita thelathini." Kamali aliangalia mikono yake. "Kule wanaendesha kushoto. Ile kitu kila dereva anaijua. Mwaka juzi bosi alinipa gari, tukavuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania, nikashika kushoto vizuri. Halafu tukasimama kununua maji. Kutoka pale mkono ukarudi kulia wenyewe, vile umezoea huku miaka kumi na mbili. Mbele kulikuwa mama na baiskeli, mtoto nyuma. Akajitupa mu mtaro. Hawakuumia, Mungu mkubwa. Lakini mtoto alikuwa analia, na yule mama ananiangalia tu, ata hakunitukana. Nikampa bosi funguo, nikarudi na basi."

"Na ukaniambia unazijua barabara zote."

"Nilikuwa nimekuona dakika tano tu, nikataka unipende. Kisha nikashindwa kurudi nyuma. Kila ile Ijumaa ikikaribia, naona lile daraja, na wewe umekaa pembeni yangu. Siogopi kukuoa, Nasiba. Naogopa kukuua."

"Umemwacha baba yangu arudi mara tatu kwa imamu juu ya aibu yako."

"Ndiyo."

"Na mimi nimelia wiki tatu nikidhani nina kasoro."

"Ndiyo. Nisamehe."

Nasiba alikuwa na hasira, hasira hasa, ya kutaka kumtupia mkasi. Lakini pamoja na hasira furaha ilimjaa kifuani, akaona haya kwa sababu ilikuja haraka mno: kumbe anapendwa. Hakujua aanze na ipi. Pazia likasogea, Mzee Sibomana akatoka, tepu ya kupimia imening'inia shingoni. Alikuwa amesikia yote, na hakujaribu kujifanya hakusikia.

"Huko Bugarama, kati ya mashamba ya mpunga, kuna njia zimenyooka na hazina magari, mtu anaweza kujizoeza kushoto," alisema. "Kesho utatupitia asubuhi. Mimi nitakaa nyuma."

Wakateremka kesho yake, Nyakabuye wakaipita, joto la tambarare likawapokea. Mzee Sibomana alikaa kiti cha nyuma na kofia yake nyeupe iliyodariziwa. Nasiba alivaa gauni la bluu na mtandio wa njano, na hakuwa amemwambia Kamali neno zaidi ya salamu. Kwenye njia ya mashamba Kamali alishika kushoto. Alikwenda mpaka mwisho, akageuza, akarudi vizuri. Akageuza tena.

Mara ya tatu baiskeli ikatokea mbele, gunia la mpunga juu yake, na Nasiba akaona usukani unaanza kwenda kulia.

"Kushoto, Kamali."

Kamali alikanyaga breki, gari likasimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli alikuwa bado mbali, akashuka, akangoja. Kamali akazima gari, akachomoa ufunguo, akamwekea Nasiba kiganjani.

"Umeona mwenyewe. Nenda na basi. Nitakungoja hapa mpaka urudi."

Nasiba aliutazama ule ufunguo, kisha akamtazama mwenye kuutoa.

"Mabasi yapo kila siku," alisema. "Dereva wa kunifikisha Ujiji nimeshampata, wa basi, ata jina lake silijui. Mimi sitafuti dereva, Kamali, natafuta mume. Umeongea na baba, umeongea na fundi, miezi yote umeongea na radiyateri. Mimi mwenyewe hujawahi kuniuliza."

Ilikuwa kweli. Kwao mambo hayo yanapita kwa wazee, na Kamali alipokubaliwa na mzee alidhani amemaliza. Akageuka kwenye kiti, jasho linamtiririka.

"Nasiba, mimi ni muoga wa barabara za kushoto, na nilikudanganya. Ukinichukua, utanichukua hivyo. Utakubali kuwa mke wangu?"

Baiskeli zilikuwa zimefika nne, nyuma na mbele. Kengele moja ililia. Mzee Sibomana akakohoa.

"Mjibu, mwanangu. Watu wanataka kupita na mpunga wao."

"Nimekubali," Nasiba akasema. "Twende na gari, twende na basi, yote sawa. Lakini ni Ijumaa hii. Sitaki kusikia Ijumaa nyingine."

Alimrudishia ufunguo. Kamali alijifuta uso kwa mkono wa shati, akawasha, akasogea kushoto polepole mpaka tairi zikagusa majani, na baiskeli zikapita moja moja. Mkono wake ulikuwa bado juu ya gia. Nasiba akaweka wa kwake juu ya ule, mbele ya baba yake, na hakuuondoa.