Nilichokiona Kutoka Kwenye Feri

Siku hizi watoto wa kwetu huvuka kwenda shule kwa basi, dakika mbili tu, wala hawageuzi shingo. Sisi tulivuka kwa feri. Nayakumbuka mabenchi yake ya baridi, mkate wangu wa jibini ya kahawia, na daraja lililokuwa likijengwa juu yetu. Jamani, nilivyoipenda feri ile!

Baba yangu, Halvard, alikuwa fundi wa daraja hilo. Alifanya kazi ndani ya kikapu cha chuma kilichoinuliwa na mkono mrefu wa mashine. Kila asubuhi nilimpungia, naye alinipungia.

Siku moja alinipungia huku kikapu kikipanda. Mkono mmoja ulikuwa hewani, mwingine kwenye kishikio cha kuendeshea, na macho yalikuwa kwangu. Bega lake likabanwa kati ya reli ya kikapu na boriti ya daraja. Mwenzake, Oddgeir, alikimbilia swichi za chini, ambazo nazo huendesha kikapu, akamshusha.

Baba alilazwa hospitalini, bega limevunjika, hakumbuki lolote. Jumapili nilimkuta msimamizi, Bwana Torleif, kando ya kitanda.

"Oddgeir alikuwa kwenye swichi za chini," alimwambia baba. "Ndiye aliyekupandisha bila kutazama. Kesho namfukuza."

Niliogopa kuambiwa kwamba mimi ndiye niliyemponza baba. Lakini Oddgeir, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kuteleza kwenye theluji. "We Sunniva," alizoea kunitania, "unaanguka kama gunia la viazi!" Machozi yakanitoka.

"Si Oddgeir," nilisema. "Baba alijipandisha mwenyewe. Alikuwa ananipungia. Nilimwona kutoka kwenye feri."

"Mbona umekaa kimya siku zote hizi, binti?"

"Niliogopa."

Bwana Torleif alivaa kofia yake. "Nilitaka kumfukuza mtu aliyemwokoa mwenzake! Naenda kumwomba radhi sasa hivi."

Alipotoka, nilificha uso kwenye shuka la baba. Alinipapasa kichwa kwa mkono wake mzima.

"Kosa ni langu, mwanangu, si lako. Anayeshika kishikio ndiye anayepaswa kutazama aendako. Bega langu litaunga. Ila ungenyamaza mpaka kesho, Oddgeir angebeba kosa langu maisha yake yote, na hilo hakuna daktari wa kuliunga."