Sauti Aliyoiita Kitonga

Kitonga aliomba maji kwa Kidawida, lugha ya Wataita, na Kasiva akamletea kabla hajashtuka. Mumewe alikuwa Mkamba wa Kitui. Miaka yote aliyoishi Voi, mji wa Wataita, Kidawida chake kiliishia kwenye salamu, na majirani bado walimtania wakimwita mgeni.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za kizungu, akiwaigizia wahusika wote sauti kwa Kiswahili, watu wakivunjika mbavu kwenye vibanda vya sinema. Majuzi alikuwa akitafsiri sinema moja kuukuu, isiyo na rangi, ya viumbe wa angani wanaoingia miili ya watu. Sinema ya bei ya karanga, haki ya nani: chombo chao ni sufuria inayoning'inia kwa uzi, na uzi wenyewe unaonekana. Mkubwa wao hasemi neno. Kitonga akaona hiyo ni hasara, akafumba macho mbele ya maikrofoni na kusema, "Sauti, njoo popote ulipo."

Ikaja. Tangu hapo hakucheka tena, na chumba kikawa kinanuka udongo wa pangoni hata jua likiwa utosini. Mchana mmoja Kasiva alisimama mlangoni akasikia sauti mbili, moja ya mumewe ikisihi polepole, nyingine ikimjibu kwa Kidawida, na kadiri hiyo ya pili ilivyopanda ndivyo ya kwanza ilivyofifia, mpaka akaogopa kwamba akienda hata kuzima jiko atarudi akute mwili tu.

Akamwita Pauline, mwombaji wa Bura aliyejulikana kwa kukemea pepo.

"Mama, nirudishie mume wangu," alimnong'oneza. "Sitaki kingine."

Pauline akauliza ni nani aliyemo.

"Mimi ni wa hapa," sauti ikajibu kinywani mwa Kitonga. "Nilikuwepo kabla ya reli."

Pauline hakulitilia maanani jibu hilo. Akamwekea Kitonga mkono kichwani, akakemea kama alivyozoea kukemea katika kila nyumba: mgeni atoke, mwenyeji abaki.

Kitonga akamkamata mkewe mkono.

"Mama Shanice," akasema kwa sauti yake mwenyewe, akimwita kwa jina la mtoto wao, "mama huyu ananifukuza mimi."

Vidole vikalegea. Harufu ikaisha, Pauline akamshukuru Mungu. Mwanamume akaketi wima, akatabasamu vizuri, akauliza kwa Kidawida kama chakula kimeiva.

Kasiva hakulia. Akaenda jikoni, akampakulia.