Shairi Lisilo na Jina

Kila asubuhi shuleni kwetu Dutwa tulianza na mchakamchaka. Tulikimbia kuuzunguka uwanja, tukashuka hadi kwenye shamba la pamba la shule na kurudi, vumbi limetufika magotini, huku tukiimba. Na nyimbo zile alizitunga nani? Mimi, Felisita binti Marcelo, wa darasa la sita. Nilitunga nyimbo za mchakamchaka, nilitunga ngonjera za Saba Saba, na mgeni yeyote alipofika niliitwa mbele kughani shairi. Nilijua kwamba mimi ni mtunzi, na aliyekuwa hajui nilimjulisha.

Mwaka ule, 1975, watu waliokuwa wakiishi mbalimbali porini walihamishiwa vijijini. Ndipo akaja Sayi. Alikuwa msichana mwembamba, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Siku ya kwanza alimwamkia mwalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," badala ya kusema shikamoo. Darasa zima likacheka, nami nilicheka kuliko wote. Mwalimu Athanasi hakucheka. Alimwitikia, "Mwangaluka, mwanangu," kisha akaendelea na somo.

Mwalimu Athanasi alitufundisha Kiswahili, na yeye mwenyewe alikuwa mtunzi wa mashairi ya watoto. Siku moja ya Julai aliingia darasani na barua mkononi.

"Nimealikwa Maswa," alisema, "kwenye mkutano wa watunzi wa mashairi ya watoto. Nimeambiwa niende na wanafunzi wanaotunga. Mashairi mazuri yatachapwa katika kijitabu, nacho kitasomwa katika shule zote za wilaya."

Nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza. Mwalimu akatabasamu. "Naam, Felisita, utakwenda. Wewe na Sayi."

Sayi? Nilidhani sikusikia vizuri. Kumbe wiki iliyopita Sayi alikuwa amempelekea mwalimu shairi kimyakimya, bila kelele wala mbwembwe, nasi hatukujua. Wenzangu wakageuka kunitazama. Salimu, mtoto wa mwenye duka, ambaye hakuweza kuficha neno, akaninong'oneza, "Leo umepata mwenzio, mama mtunzi." Nilimwambia anyamaze. Lakini roho iliniuma, na iliendelea kuniuma hadi nyumbani.

Kesho yake mwalimu aliniita ofisini. "Mwandiko wako unasomeka," alisema. "Nakili mashairi yote mawili kwenye karatasi safi, kila moja na jina la mtunzi wake. Tutaondoka Jumamosi."

Nilianza na langu, la kusifu jembe na pamba. Chini yake niliandika jina langu kwa herufi kubwa, nikalipigia mistari miwili. Kisha nikachukua la Sayi. Nilipolisoma mara ya kwanza nilitafuta kosa. Nilipolisoma mara ya pili nilikasirika, kwa sababu lilikuwa zuri. Nililinakili lote, ubeti kwa ubeti, sikubadili neno. Nilipofika chini pa kuandika jina, kalamu ilisimama. Nikajiambia, shairi lisilo na jina litawekwa kando tu, nani atahangaika nalo? Nikakunja karatasi, nikazifunga pamoja.

Ndivyo wivu ulivyo. Haukuambii uibe. Unakuambia acha tu kitu kidogo, nani atajua.

Jumamosi tulipanda lori lililokuwa likipeleka pamba kiwandani Maswa, sisi juu ya magunia, mwalimu mbele na dereva. Sayi hakuwahi kufika Maswa. Aliniuliza mambo mengi njiani, nami nilimjibu "sijui" hata kwa yale niliyoyajua.

Sitasahau ukumbi ule. Nilikuwa nikidhani mashairi hutoka vitabuni tu, na kumbe watu wenyewe wanaoyatunga walikuwa pale, wanakunywa chai na kubishana. Mmoja alisema mtoto apewe vina vyepesi, mwingine akasema mtoto si mjinga. Walighaniana, wakakosoana, wakacheka. Bi. Siwema, mtunzi kutoka Tabora, mwanamke mnene mwenye sauti tamu, ndiye aliyepewa kazi ya kusoma mashairi yetu wanafunzi. Mwalimu Athanasi na walimu wengine waliitwa chumba cha pili kupanga habari za kijitabu.

"Nitasoma shairi kwanza, jina baadaye," alisema Bi. Siwema. "Tusifu maneno, tusimsifu mtu."

Langu lilisomwa mapema. Watu waliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Mzee Januarius, mtunzi wa Maswa palepale, akasema, "Vina vimetimia. Ila jembe hili limeshasifiwa mara nyingi. Sikumwona mtu aliyelishika." Nilitamani sakafu ipasuke niingie.

Bi. Siwema akachukua karatasi iliyofuata.

"Tulihama na mizigo, ng'ombe wetu kamba mbele,
Nyumba mpya, zizi dogo, majirani wako tele,
Jua likizama, zogo, amerudi kulekule,
Ng'ombe hajui kijiji, ajua mahame yale."

Alisoma beti zote tano, za ng'ombe aliyekuwa akitoroka kila jioni kurudi kwenye mahame, kaya ile waliyoiacha porini, na mtoto aliyetumwa kumfuata. Alipomaliza, watu walipiga makofi muda mrefu. Kisha akaitazama karatasi chini, akaigeuza nyuma.

"Halina jina," alisema. "Lakini mwandiko ni uleule wa shairi la jembe. Felisita wa Dutwa yuko wapi? Simama, mwanangu, tukuone."

Nilisimama. Nilisema nini? Sikusema kitu. Makofi yakaanza upya, na safari hii yalikuwa yangu. Nilimtazama Sayi kwa pembe ya jicho. Alikuwa amenikodolea macho, kisha akainamisha kichwa.

Wakati wa chai walinizunguka. Mihayo, mvulana wa shule ya Maswa, alitaka nimwandikie ubeti katika daftari lake. Kwa miaka yote nilikuwa nikiota jambo kama lile, na sasa nilipolipata, nililirudisha andazi sahanini. Sayi alikaa peke yake kwenye benchi karibu nasi, kikombe mkononi. Hakuna aliyemsemesha.

Mzee Januarius akasogea. "Ng'wanawane," aliniita kwa Kisukuma, kama mtu anayemwita mtoto wake, "shairi lako halikusema mwisho. Ng'ombe yule mlimfanyaje?"

Sisi hatukuhama. Baba yangu ni fundi baiskeli, nasi nyumbani tuna kuku wanne na bata mmoja. Nikasema lililonijia. "Tulimuuza, mzee."

"Hatukumuuza."

Sote tuligeuka. Sayi alikuwa amesimama. Akaendelea. "Baba alikwenda mahame, akabomoa zizi la zamani, akabeba miti yake begani mpaka kijijini. Akajenga zizi kwa miti ileile. Ng'ombe akanusa, akalala. Hatukumuuza."

Alikuwa amevumilia kunyang'anywa shairi, lakini ng'ombe wao kuuzwa kwa uongo hakuweza kuvumilia.

"Na wewe umejuaje?" aliuliza Mzee Januarius. Sayi alinitazama mimi. Bi. Siwema alikuwa amefika na kalamu na ile karatasi, ili niandike jina langu chini ya shairi. Lilikuwa limeteuliwa kuwa la kwanza katika kijitabu.

Waliosema njia ya mwongo ni fupi walisema kweli. Yangu iliishia pale, mbele ya kalamu.

"Amejua kwa sababu ng'ombe ni wao," nilisema. "Na shairi ni lake. Mimi nimelinakili tu."

Bi. Siwema alinihurumia, nafikiri, maana aliniwekea mlango wazi. "Basi ulisahau kuandika jina lake, mwanangu? Watu husahau."

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na hakuna ambaye angenilaumu.

"Sikusahau," nilisema. "Niliacha makusudi. Nilimwonea wivu." Hapo machozi yakanitoka mbele ya watunzi wote wa Maswa na Tabora.

Bi. Siwema hakunigombeza. Alinipa ile kalamu. "Andika jina linalostahili," alisema. "Kisha likatazame shairi lako la jembe. Halitachapwa mwaka huu." Nikaandika "Sayi" kwa mwandiko mzuri kuliko wowote niliowahi kuandika. Nikamwomba msamaha kwa kinywa, si kwa macho tu. Sayi alisema, "Nimesikia." Hakusema zaidi, na sikuwa na haki ya kudai zaidi.

Mwalimu Athanasi alipoelezwa, alitukalisha wote wawili kwenye ngazi za ukumbi. Niliisubiri fimbo. Badala yake akaniuliza, "Felisita, umewahi kuona mashindano ya ngoma, Wagika na Wagalu?"

"Nimeona, mwalimu. Kila kundi linacheza upande wake, na watu wanakimbilia lile linalowapendeza zaidi."

"Sasa Wagalu wasipofika, Wagika watacheza na nani? Nani atatoka nyumbani kuja kuwaona?"

Nilitazama chini ya ngazi.

"Miaka yote umetunga peke yako hapo shuleni," alisema. "Umesifiwa na watu wasio na wa kukulinganisha naye. Ndiyo maana shairi lako limelala. Sayi hakukunyang'anya kitu. Amekuja kukuamsha, nawe umetaka kumfukuza uwanjani. Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Leo umeisafiria, umeona ilipokufikisha. Adhabu yako ni hii: kila Ijumaa utamsomea Sayi ulichotunga, naye atakuambia palipo na uongo. Na wewe utamsaidia Kiswahili. Na mmoja wenu akiumia akanyamaza, nitajua."

Kwenye lori la kurudi, tukiwa tumekalia magunia matupu, nilijaribu ubeti wa kwanza, wa baba yangu na baiskeli. Sayi alisikiliza hadi mwisho.

"Mikono yake inanukia nini?" aliuliza.

Nikafikiri. "Gundi ya viraka."

"Hujasema."

Nisiwadanganye, wivu ulinichoma tena, palepale juu ya magunia. Lakini nilifuta mstari ule, nikauanza upya.